Uliza Tukujibu: Mtungi wangu umewekewa maji?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Nimenunua mtungi wa gesi wa kilo 15, nikiutikisa nasikia kitu kinacheza ndani kama maji, jirani ananiambia nimepigwa. Afu ile geji ya kwenye regyuleta ilikaa kijani muda wote, ghafla maharage yako jikoni gesi ikakata. Sa ile geji inapima nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Dada, hujapigwa. Hicho kinachocheza ni gesi yenyewe ikiwa kimiminika. Gesi ya kupikia ni propani na butani, propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani inachemkia karibu na sifuri, kwahiyo kwa joto la Tanga zote zilitakiwa ziwe zimeshapaa kitambo, ila zikibanwa ndani ya chuma zinatulia na kuwa kimiminika, ndo maana kilo zote hizo zinabebeka kwenye bodaboda. Lita moja ya kimiminika hicho ikigeuka gesi inataka zaidi ya lita 200 za nafasi.

Sasa geji. Mwaka 1662 Robert Boyle wa Uingereza alichapisha kwamba ukiibana gesi ikae kwenye nusu ya nafasi yake, joto likiwa lilelile, presha inakuwa mara mbili. Mtungi wa oksijeni wa fundi wa kuchomelea unafuata mkondo huo, humo kuna gesi tupu, ukitumia nusu geji inashuka karibu nusu. Wa kwako hapana. Ukiwasha jiko unatoa mvuke wa juu, kimiminika cha chini kinachemka kidogo kuziba pengo na presha inarudi palepale, uwe umebakiza kilo 12 au kilo 2. Geji inakuonyesha joto la mtungi kuliko kiasi cha gesi, mtungi uleule asubuhi ya baridi utasoma chini kuliko mchana. Ikianza kushuka bila kurudi ujue kimiminika kimeisha, umebaki na mvuke tu, hapo ndo Boyle anaingia kazini na maharage hayaivi.

Dawa ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, kama ni 14.6 na mizani inasoma 20 basi una kilo 5.4 za gesi, na hata siku ya kununua dai upimiwe, wala usione aibu.

Halafu ukipika muda mrefu mtungi unapoa mpaka unatoa jasho, ni kwasababu kuchemka kule ndani kunachukua joto la chuma. Kuna watu wakiona hivyo wanausogeza karibu na moto, jamani acheni! Wajazaji huacha kama asilimia 20 wazi ili kimiminika kipate pa kutanukia, ukikipasha mpaka kijaze nafasi yote hakibaniki tena, kinachofuata hutaki kukiona.

SWALI: Mkuu, nilijaza tairi 32 PSI nikiwa Kibaha asubuhi, kufika Mikumi napima nakuta 37. Jamaa wa upepo akasema punguza zitapasuka. Nipunguze? (Dereva)

JIBU: Usipunguze kaka. Hewa iliyofungiwa ikipata joto presha inapanda, Mfaransa mmoja kiziwi, Guillaume Amontons, aliliona hilo karibu na 1702, ingawa vitabu vya shule sifa vinampa Gay-Lussac. Watu wanakosea hesabu kwasababu mbili: geji haihesabu presha ya hewa ya nje, na joto lazima liwe la kelvini, yaani nyuzi za kawaida ongeza 273. Kwahiyo 32 ongeza 14.7 ya hewa ya nje unapata 46.7. Tairi ikitoka nyuzi 25 (kelvini 298) ikafika 60 (kelvini 333), zidisha kwa 333 gawanya kwa 298, ni kama 52.2, toa 14.7, geji inasoma 37.5. Iko sawa kabisa. Ukipunguza mpaka 32 ikiwa ya moto, kesho yake ikipoa utakuta 27, na tairi laini inajikunja zaidi, inapata joto zaidi, huko ndo kupasuka kunakotoka.

SWALI: Kwanini pakti za krispi nikizitoa Dar kufika Mbeya zimevimba? (Mwanafunzi)

JIBU: Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya nje inasukuma pungufu, kama kilopaskali 83 badala ya 101, basi hewa ya ndani ya pakti inataka nafasi kama sehemu moja ya tano zaidi. Ni Boyle tu huyohuyo. Na dereva wetu asome hapa: tairi ya 32 ya Dar ikifika Mbeya, joto likiwa lilelile, itasoma zaidi ya 34 bila mtu kuongeza upepo, ila ukiipima alfajiri ya Juni kwenye nyuzi 10 baridi inakuwa imeshakula karibu nyongeza yote, unakuta 32 na kidogo.