Swali la lugha: Mafunzo pepe, viti vya umeme na walemavu sugu

Msomaji wetu wa Dodoma, anayetafsiri mwongozo wa wataalamu wa utengamao (huduma ya kumsaidia mtu kurejesha uwezo wa mwili), anauliza iwapo kichwa alichokiandika, "Mafunzo pepe ya viti vya umeme kwa walemavu sugu", ni sahihi. Mwenzake wa Kongwa amekipinga, akisema kwamba pepe ni punje tupu inayopeperuka mtu anapopepeta mtama, na kwamba haifai kuonekana kana kwamba watu wanapewa mafunzo matupu.

Mwenzako amepatia, ingawa si kwa sababu aliyoitoa. Maana hiyo ya pepe ipo, lakini haimo katika barua pepe, ambayo ni barua ya kweli, inasomwa na kujibiwa, ila haina karatasi. Kosa lako liko mahali ulipoliweka neno. Mtu aliyevaa miwani ya uhalisia pepe, yaani ya kumwonyesha mazingira yaliyotengenezwa na kompyuta, akaongoza kiti katika ujia uliochorwa na kompyuta, anajifunza kwelikweli: mkono wake, au kidevu ikiwa mikono haina nguvu, unasukuma kijiti cha kuongozea kama atakavyofanya barabarani, na akigonga ukuta haumii wala haharibu kitu. Kilicho pepe ni ukuta na ujia. Andika basi "mafunzo ya uhalisia pepe", kwa kuwa "mafunzo pepe" msomaji atayadhania kuwa masomo ya mtandaoni.

Linalonitia hofu zaidi ni "viti vya umeme". Kiti cha umeme kinajulikana kuwa ni kile kilichoanza kutumika Marekani mwaka 1890 kuwaua waliohukumiwa kifo, na ukiliacha neno la kati, yaani "mwendo" au "magurudumu", kifaa ambacho mhandisi George Klein wa Kanada aliwaundia askari waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia kitaitwa jina moja na chombo hicho cha kunyongea, ijapokuwa hakina kitanzi. Sema "kiti mwendo cha umeme", au "kiti cha magurudumu cha umeme" ukipenda urefu.

Kuhusu "walemavu", Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inatosha kutuongoza kwa jina lake tu: andika "watu wenye ulemavu". "Sugu" nayo tunaisikia kwa magonjwa na wahalifu, na mtu aliyezaliwa hawezi kusogeza miguu hastahili kuwekwa katika kundi hilo. "Ulemavu mkubwa" unatosha.

Unapounganisha vyote, angalia upatanisho. Ukiandika "watumiaji wa viti mwendo vya umeme wenye ulemavu mkubwa", ngeli imekuokoa, kwani "wenye" haiwezi kurudi kwenye viti, lakini msomaji amelazimika kuruka maneno matano kumtafuta mwenye ulemavu. Mimi ningeandika: "Mafunzo ya uhalisia pepe kwa watu wenye ulemavu mkubwa wanaojifunza kuendesha viti mwendo vya umeme." Ni kirefu kuliko chako, na mchapishaji akilalamika, mwombe apunguze ukubwa wa herufi.