Ziwa likikauka karibu na volkano, chini kuna dhahabu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tulipokwenda Arusha tulipitia Serengeti, tukasimama Olduvai, na mwongozaji akatuambia zamani palikuwa na ziwa. Sasa kuna bwana hapa Kisesa anasema ziwa likikauka karibu na volkano, dhahabu hutuama chini ya tabaka jeupe. Anajua eneo kama hilo, anataka tumchangie achimbe duara, yaani shimo la machimbo. Ana na jiwe linalometameta. Tumwamini? (Msomaji, Kisesa, Mwanza)

JIBU: Marahaba. Msimpe hata shilingi moja.

Maneno hayo nayasikia kila mara hapa Mwanza, na yananiudhi kwa sababu yameshonwa kwa vipande vya ukweli. Ziwa lilikuwepo: takriban miaka milioni 1.9 iliyopita Olduvai palikuwa na ziwa la magadi, la kina kifupi, lisilo na mto wa kutolea maji. Volkano za nyanda za juu za Ngorongoro zikalimwagia majivu mara kwa mara. Baadaye ardhi ikapasuka na kutitia, ziwa likahama, mwisho likatoweka. Katika habari yote hiyo dhahabu haimo.

Kilichomo ni umri. Matope ya ziwa huhifadhi mifupa na zana za mawe, ila yenyewe ni vigumu kuyapima miaka. Majivu ya volkano ndiyo yanayopimika. Ndani yake mna fuwele ndogo zenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa bado wa moto gesi hutoroka. Ukipoa, hunaswa ndani ya fuwele na kuongezeka kwa kasi inayojulikana. Pima gesi, utajua mlipuko ulitokea lini. Ndivyo fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa pale Olduvai, alilolipata mtafiti Mary Leakey mwaka 1959, lilivyokadiriwa mwaka 1961 kuwa na miaka milioni 1.75, mbali kuliko wengi walivyodhani. Mtu akiyavuruga matabaka hayo kwa sururu, hakuna maabara itakayoyarudisha. Na kuchimbua masalia ya kale bila kibali ni kosa kisheria.

Hilo tabaka jeupe? Kwa kawaida ni majivu, chokaa au magadi. Maji yakikauka huacha kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake, na dhahabu haiyeyuki ziwani kwa kiasi cha kumtajirisha mtu. Dhahabu yetu ya Geita na Bulyanhulu imo kwenye miamba yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, ililetwa na maji ya moto yaliyopenya nyufa huko chini kabisa. Ziwa la juzijuzi, kwa hesabu za jiolojia, halihusiki.

Atawatajia Mwadui, ule mgodi wa almasi wa Shinyanga, huwa hawakosi kuutaja. Ni kweli juu ya mwamba wa almasi pale kuna matope ya ziwa la kale. Lakini almasi zilipandishwa na volkano kutoka kina cha zaidi ya kilomita 100. Ziwa lilikuja baadaye, likajaza shimo lililobaki.

Jiwe lake lidungeni sindano. Likibanduka vigamba vyembamba vinavyong'aa, hiyo ni mika, madini mengine kabisa. Dhahabu hubonyea, haibanduki wala kusagika.

Wenye vijiti vinavyoinama, wapiga ramli na wenye "mashine" zisizo na jina wote wana dalili moja: fedha inatangulia vipimo. Wengine hunyunyizia unga wa dhahabu kwenye sampuli kabla haijafika maabara, ndipo cheti halisi kinapotumika kuwaibia watu. Nimeona akina mama wa kikundi wakiuza ng'ombe kwa karatasi ya namna hiyo. Kabla ya lolote, nendeni ofisi ya madini ya mkoa mkaulize eneo lina leseni ya nani. Sampuli chukueni wenyewe, kwenye shimo lililochimbwa mkiangalia, mfunge mfuko na kuupeleka maabara kwa mikono yenu. Aliyoileta yeye tayari imefungwa, ikataeni.