Meneja akitimuliwa katikati ya msimu, timu inafufuka kweli?

SWALI: Assalaam aleikum ami. Mimi kijana wa hapa Makorora, binamu yangu anayeishi Marekani ndo alinifundisha kuangalia besiboli na saivi imeniingia damuni, mechi zao nyingi zinaanza kwetu saa nane usiku na mimi nipo macho na simu yangu na bando langu. Sasa timu yangu tangu msimu uanze ni kupigwa tu, juzi wamemtimua meneja wakampandisha msaidizi wake na toka hapo tumeshinda tatu mfululizo. Binamu ananiambia tumepona. Ila mimi mtoto wa Tanga, nimeona makocha wangapi wakipokelewa Mkwakwani kwa ngoma na wakaondoka kimyakimya, moyo unasita. Hivi meneja mpya anaweza kuifufua timu kweli au tunajipa moyo bure? — Msomaji, Makorora

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Hili swali nimelibeba miaka mingi toka enzi nashinda jukwaani pale Mkwakwani, kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka. Inawezekana, imeshatokea na wapo waliobeba mpaka kombe, lakini ukiangalia vizuri utakuta kilichofufuka ni kitu ambacho kilikuwemo ndani ya timu tayari. Meneja mpya anakuta moto umefunikwa na majivu, anapuliza, unawaka. Kama chini ya majivu hakuna kaa hata moja basi apulize mpaka kesho.

Kwanza tuelewane huyu meneja ni nani manake wengi tunampima kwa kipimo cha kocha wa mpira wa miguu. Kocha wetu akija anabadilisha mfumo, anataka mabeki wapande, dirisha dogo likifunguliwa anapeleka majina yake kwa viongozi. Meneja wa besiboli hasajili, usajili ni kazi ya watu wa ofisini, yeye anakabidhiwa wachezaji aliowakuta. Anachoshika ni nani aanze leo, wapigaji wapangweje toka wa kwanza mpaka wa tisa, na kubwa kuliko yote, mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, atolewe saa ngapi na aingie nani. Hapo kwenye warushaji ndo roho ya kazi yake ilipo. Nadhani umeshaona, jamaa anatoka benchi anatembea taratibu mpaka pale kwenye kale kamwinuko ka udongo katikati, ananyoosha mkono, mrushaji anamwekea mpira kiganjani haangalii hata usoni, anaondoka. Akichelewa kutoka benchi mpira unaofuata unaweza kuwa umeshavuka ukuta na mechi imekwisha. Na hiyo ni karibu kila siku, msimu una mechi 162, kwa hiyo meneja mbovu haui timu kwa siku moja, anaitafuna polepole, anawatumia walewale warushaji wawili watatu wa akiba kila usiku mpaka ikifika mwezi wa saba mikono imekufa.

Sasa mifano, nianze na inayokupa moyo. Mwaka 2022 Philadelphia Phillies walikuwa na ushindi 22 na vipigo 29 wakamtimua Joe Girardi tarehe 3 Juni, wakampandisha msaidizi wake kama ilivyo kwa timu yako, Rob Thomson, mtu mtulivu asiye na makelele. Thomson akashinda 65 akapoteza 46, timu ikaingia mtoano ikafika mpaka World Series, yaani fainali ya ubingwa, ikafungwa na Houston Astros. Na katikati hapo Bryce Harper, nyota wao mkubwa, alivunjika kidole gumba akakaa nje mpaka mwisho wa Agosti. Lakini angalia kikosi chenyewe, watu waliolipwa pesa nyingi, wapigaji wazito, warushaji wa kuanzia wa maana. Ile haikuwa timu ya kupigwa mechi 29 kati ya 51, kila mtu aliliona hilo.

Mfano mzuri kuliko wote ni Florida Marlins wa 2003. Walimtimua Jeff Torborg mwezi wa tano wakiwa na ushindi 16 na vipigo 22, wakamleta mzee Jack McKeon, miaka 72, mtu wa kukaa barazani na wajukuu. Na hapa nisikilize vizuri kwa ajili ya zile mechi zako tatu, McKeon mechi zake 10 za mwanzo alishinda 3 tu, timu ikashuka mpaka 19 kwa 29. Ungekuwa unaangalia usiku ule ungesema mzee kaletwa kuzika. Alimaliza na ushindi 75 na vipigo 49, wakaingia mtoano, wakawafunga New York Yankees mechi ya sita ya World Series palepale nyumbani kwao. Mechi ile McKeon alimpa mpira Josh Beckett, kijana wa miaka 23, akiwa amepumzika siku tatu tu wakati desturi ni siku nne, watu wakashangaa, na kijana akarusha mechi nzima mwanzo mwisho, 2 kwa 0. Uamuzi ule ulikuwa wa meneja na heshima yake apewe. Ila na yeye aliletewa vitu, mwezi wa sita alipandishwa Miguel Cabrera ana miaka 20, akapiga hom rani (mpira unaovuka ukuta) ya kumaliza mechi siku yake ya kwanza kabisa, na Beckett mwenyewe alikuwa majeruhi akarudi katikati ya msimu. Ukimsifia mzee peke yake unawadhulumu vijana.

Upande wa pili unauma. Baltimore Orioles mwaka 1988 walipoteza mechi 6 za kwanza wakamfukuza Cal Ripken mkubwa, baba mzazi wa wachezaji wawili waliokuwa uwanjani siku hizo, sijui wale vijana walivaaje jezi kesho yake. Akaletwa Frank Robinson, mmoja wa wachezaji wakubwa kuwahi kutokea, jina zito kabisa. Akapoteza 15 mfululizo! Jumla vipigo 21 ndo ukaja ushindi wa kwanza, na msimu ukaisha na vipigo 107. Chicago White Sox 2024 hivyohivyo, walimtimua Pedro Grifol mwezi wa nane wakiwa 28 kwa 89, aliyefuata akashinda 13 akapoteza 32, wakamaliza na vipigo 121. Colorado Rockies 2025 walipigwa 21 kwa 0 na San Diego Padres, kesho yake Bud Black hana kazi, rekodi 7 kwa 33. Msimu wao uliisha 43 kwa 119. Kaa la kupuliza lilikuwa wapi?

Nikueleze kilichonikuta mwenyewe. Niliwahi kuwa kwenye uongozi wa timu ya mtaani hapa Tanga, soka, ligi ya wilaya, tumepoteza mechi tano na mashabiki wanatusubiri getini. Tukamwondoa kocha Jumatatu. Aliyekuja hakubadilisha kitu kikubwa, alihamisha mazoezi kutoka jioni kuja alfajiri na akawa anamwita kila mchezaji kwa jina la utani analoitwa na mama yake, basi. Tukashinda mechi nne, nikawa natembea Ngamiani kifua mbele kama nimegundua dawa. Mechi ya tano kipa wetu alishindwa kuruka. Goti lake lilikuwa limevimba toka kocha wa kwanza, nililiona mwenyewe amekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo anakandwa maji ya moto kwa kitambaa, na sisi viongozi tulijua na hatukutafuta kipa mwingine kwa sababu hela ilikuwa imeenda kumlipa kocha mpya. Tukashuka daraja. Yule kocha wa kwanza nikikutana naye mpaka leo nampa mkono na nafsi inanisuta, manake tulimtoa yeye ili tusionekane sisi.

Na zile mechi nne zilitoka wapi? Timu haifukuzi kocha ikiwa inashinda, inafukuza ikiwa chini kabisa, na aliye chini kabisa njia iliyobaki kwake mara nyingi ni ya juu hata asipofanya kitu, mpira uliokuwa unagonga mwamba utaanza kuingia. Kuna mchumi wa Kiholanzi, Bas ter Weel, alichimba misimu ya ligi ya Uholanzi ya soka toka 1986 mpaka 2004, akazilinganisha timu zilizofukuza kocha na zile zilizoporomoka vilevile zikamwacha kocha wao, akakuta zote zinapanda karibu sawasawa. Besiboli nayo ina ushahidi wake, Washington Nationals 2019 walikuwa 19 kwa 31 mwezi wa tano, watu wanataka kichwa cha Dave Martinez, uongozi ukamwacha. Walimaliza na ushindi 93 wakabeba World Series mwaka uleule. Meneja yuleyule!

Kwa hiyo mwanangu zile tatu zifurahie, ni haki yako, umekesha kwa ajili yake. Ila usiku wa leo ukiangalia acha ubao wa matokeo, angalia warushaji wa akiba. Je yule aliyerusha jana na juzi leo kapumzishwa? Je kuna kijana amepandishwa kutoka ligi za chini na anapewa mechi mfululizo hata akikosea? Je wapigaji wako wakubwa miaka miwili iliyopita walikuwa wazuri, na bado hawajazeeka? Ukiona ndiyo ndiyo, basi binamu yako huenda yuko sahihi na mimi nitakuwa wa kwanza kufurahi. Ukiona ni watu walewale wasioweza, wamebadilishiwa tu anayewapangia foleni, jiandae msimu mrefu, na usimchukie huyo meneja mpya, hana kosa.

SWALI: Shikamoo mwalimu wa safu. Unasema kocha hafui dafu bila wachezaji, mbona Yanga walimleta Nabi katikati ya msimu na akawapa ubingwa? Sisi Wananchi wa Tanga tunakumbuka vizuri. — Dada wa Chumbageni

JIBU: Marahaba dada yangu. Na mimi nakumbuka, ila tuweke tarehe sawa. Nasreddine Nabi alikuja mwezi wa nne 2021, na msimu ule ubingwa walichukua Simba. Ubingwa wa Yanga ulikuja 2021/22, tena bila kufungwa mechi hata moja ya ligi, lakini katikati ya hapo dirisha lilifunguliwa wakaingia Djigui Diarra golini, Bangala na Aucho katikati, Mayele mbele. Nabi ni kocha mkubwa simpunguzii hata chembe, na alifanya kazi ambayo wengi wangepewa kikosi kilekile wasingeiweza. Ila toa Diarra, toa Aucho, toa Mayele, halafu uniambie. Tofauti yetu na besiboli ni kwamba Nabi aliweza kukaa na viongozi akasema nataka mtu wa aina hii.

SWALI: Mwanangu ana miaka 15 anasoma Dar es Salaam na wamemwingiza kwenye timu ya besiboli ya shule, ndo mrushaji. Mwalimu wao wa michezo amebadilishwa katikati ya muhula na huyu mpya anataka ushindi haraka, mtoto ananipigia simu anasema bega linamuuma. Nifanyeje? — Mama wa Pongwe

JIBU: Mama, hili ndo limenigusa kuliko yote ya leo. Kwa watoto mwalimu mpya ana uzito kuliko meneja wa ligi kuu ya Marekani, kwa sababu huyu anafundisha kabisa mtoto ashike mpira vipi na asimame vipi, anaweza kumjenga na anaweza kumvunja. Mpigie mwalimu leo, kwa adabu, umuulize mtoto anarusha mipira mingapi kwa mechi na kama kuna mtu anahesabu. Miongozo ya Marekani kwa umri wa miaka 15 na 16 inasema isizidi 95 kwa siku, na akifikisha 76 apumzike siku 4 kamili kabla ya kurusha tena. Tena hiyo ni kwa mtoto mzima asiye na maumivu. Wako anaumwa, kwa hiyo kwake hesabu ni sifuri mpaka daktari aliangalie hilo bega. Mwalimu akisema wana fainali Jumamosi mjibu kwamba mwanao atakuwa jukwaani anashangilia wenzake. Na mtoto mwenyewe mwambie asifiche maumivu kwa kuogopa kupoteza namba, akupigie wewe kila baada ya mechi akutajie amerusha mingapi, uandike kwenye daftari.