Jibu: Kwa nini tusimwage salfa angani kama Pinatubo?

Salaam mkuu. Umeuliza: kama volkano ya Pinatubo ilipoza dunia mwaka 1991, kwa nini ndege zisimwage salfa kila mwaka, kazi iishe?

Angalia muda kwanza. Pinatubo ilirusha takriban tani milioni 15 za gesi ya dioksidi ya salfa, ikageuka chembe za kukinga jua, joto likashuka kama nusu digrii, lakini chembe zile zilianguka zote ndani ya miaka michache. Hewa ya kaboni, inayopasha dunia joto, inakaa karne kwa karne. Kwa hiyo ukishaanza kumwaga huachi. Ukikatisha, joto ulilolizuia linarudi kwa kishindo. Tena kivuli cha chembe hizo hakipunguzi kaboni, nayo ikiyeyuka baharini asidi inazidi tu, matumbawe yanalika. Mvua nazo: mwaka uliofuata mlipuko zilipungua nchi kavu.

Siasa ndiyo usiseme. Mwaka 2021 puto la utafiti wa jambo hili huko Kiruna, Uswidi, lilizuiwa baada ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini huko, kupinga, na lilikuwa la kujaribu vifaa tu, bila kumwaga chochote.