Meja abaki jeshini au arudi Moshi?

SWALI: Shikamoo mzee. Kaka yangu ni meja katika jeshi la Marekani, mwakani anatimiza miaka 20. Wakubwa wake wanamsihi abaki. Mama huku Kibosho anamsubiri.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa mpango wa pensheni wa waliojiunga kabla ya 2018, kila mwaka wa utumishi huhesabiwa asilimia 2.5 ya mshahara wa msingi: miaka 20 ni nusu, 30 ni asilimia 75. Akibaki, anafanyia kazi ile nusu nyingine tu, maana ya kwanza angelipwa hata akikaa kibarazani. Ndiyo sababu wengi huondoka wakiwa bado na nguvu.

Mimi nilibaki miaka minne zaidi. Baba alizikwa nikiwa kambini. Hadi leo inaniuma. Mama yenu ana umri gani? Hukuniandikia.