Gari ikipewa sura mpya, mimi naanza kuinama chini

Habari zenu wadau. Kila nikikaa na watu wanaojua napenda magari lazima nipigwe maswali mawili, la kwanza "Supra mpya unaionaje?" (ile gari ya spoti ya Toyota) na la pili "nataka pikapu ya mtumba, nichukue ipi?" Wengi wanaona moja ni la ndoto na lingine ni la kazi. Mimi baada ya yaliyonikuta nayajibu kwa namna moja tu: hiyo sura mpya imevalishwa juu ya kitu gani? Ngoja nieleze kwa urefu maana hili jambo naliumia kweli.

Nilikuwa na Toyota Altezza RS200 kwa miaka sita, ya 1999, gia sita za mkono, injini 3S-GE ya cc 2000, nguvu farasi 210 bila tabo. Ilinifundisha mengi. Wakati Altezza inatoka 1998 taa zake za nyuma zenye kioo cheupe zilipendwa mpaka dunia nzima watu wakawa wanauza taa za mtindo ule za kubandika kwenye magari mengine, na mpaka leo wanaziita taa za Altezza. Lakini aliyeiendesha anajua utamu haukuwa kwenye taa, ulikuwa kwenye uzito umegawanyika vizuri, tairi za nyuma ndio zinasukuma, na injini inayotaka uikimbize mpaka juu ndio iimbe. Ukibandika taa zile kwenye gari nyingine unapata taa, basi.

Sasa Supra. Ile ya zamani, A80, ilianza 1993 ikaisha 2002, na ina injini ya 2JZ ambayo hata kijana wa miaka kumi na tano anayeangalia video kwenye simu anaijua. Mpya ikaja 2019 na watu wakalia sana, eti sio Toyota kwa sababu injini ni ya BMW, inatengenezwa Graz kule Austria sambamba na BMW Z4. Mimi nilichokichukia ni kingine kabisa, yale matobo ya hewa ya uongo, angalia mlangoni, angalia pembeni ya boneti, limechongwa tobo zuri halafu limezibwa na plastiki nyeusi, hewa haipiti. Kwa gari ya spoti hilo naliona ni kosa kubwa kuliko injini ya kuazima. Maana ukienda chini utakuta silinda sita za mstari mmoja, tabo, na tairi za nyuma ndio zinasukuma, yaani mifupa ni ileile ambayo Supra ilipaswa kuwa nayo, na gia za mkono wakaja kuziweka baadaye watu walipopiga kelele. Kwa hiyo Supra mpya mimi naikubali, ila ningepewa nafasi ningeyafumua yale matobo yote ya uongo.

Nissan Z ya 2022 ni kinyume chake. Hiyo sura yake imenigusa moyo kabisa, na kwetu Afrika Mashariki ina sababu. Datsun 240Z (Datsun ni jina ambalo Nissan walikuwa wanauzia magari) ndiyo iliyoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, halafu 1973 ikashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Baba mkubwa wangu alizishuhudia gari zile zikipita kwenye matope ya masika na mpaka anazeeka alikuwa akisikia neno Datsun anabadilika uso. Sasa Nissan wamechukua pua ya 240Z, nyuma wakaweka taa za kukumbusha Z nyingine ya zamani, 300ZX, ukiiona tu unajua ni ukoo gani. Ila chini yake chasisi kwa sehemu kubwa ni ya Z iliyoitangulia, 370Z, iliyotoka mwishoni mwa 2008, iliyobadilika hasa ni injini, V6 ya lita 3 yenye tabo mbili, farasi 400. Kuna wanaosema huo ni ujanja, mimi nasema hapana, kwa sababu walisema wazi na gari yenyewe iko imara. Chasisi ya zamani sio dhambi. Dhambi ni kuficha.

Porsche 911 ya toleo la 996 nisiieleze sana, watu waliipigia kelele kwa taa za kama yai lililokaangwa na injini iliyoacha kupozwa kwa upepo ikaenda kwenye maji. 2004 ikaja toleo la 997, taa za duara zikarudi na watu wakatulia, injini ya kupozwa kwa maji ikabaki na hakuna aliyelalamika tena.

Turudi nyumbani. Mwaka nilioamua kuuza Altezza nilikuwa nimeanza biashara ya kushusha mboga kutoka Mgeta kule Morogoro, nyanya, kabichi, karoti, na wanaoijua ile barabara ya milimani wakati wa mvua wanajua huwezi kupanda na gari ya chini. Nikatafuta Hilux. Nikaikuta moja kwenye yadi Dar, nyeupe inang'aa, Vigo (toleo la Hilux lililoanza 2004) ile ya sura iliyobadilishwa 2011, shoo mpya, bampa mpya, taa kubwa mpya, nikaambiwa ni ya 2012, imetoka Japani moja kwa moja, haijawahi kubeba mzigo, mwenye nayo alikuwa anaendea ofisini tu. Bei milioni 34. Nikatoa milioni mbili ya kuishikilia siku ileile, maana dalali alisema kuna mtu mwingine yuko njiani anakuja na hela taslimu.

Kesho yake nikaenda na fundi wangu, mzee mmoja wa Morogoro ambaye ameanza kufungua Hilux kabla sijazaliwa. Mzee hakuiangalia gari mbele kabisa. Aliomba boksi, akalitandaza chini, akaingia na tochi na bisibisi ya bapa. Mimi nikachuchumaa pembeni. Chini kote kulikuwa kumepakwa rangi nyeusi mpya, nzito, mpaka juu ya nati na kwenye mabomba ya breki. Akawa anagonga chasisi kwa mpini wa bisibisi taratibu kuanzia mbele, ngo, ngo, ngo, sauti kavu ya chuma kilichoshiba, alipofika pale inapopinda kupita juu ya difu ya nyuma ikatoka sauti nyingine, pu. Akarudia, pu. Akageuza bisibisi akasukuma kwa kiganja tu, bila nyundo, ikazama mpaka katikati. Akaivuta nje, vipande vya kutu vikamwagika juu ya boksi kama majani ya chai, na ndani ya lile tobo nikaona kitambaa kilichopakwa puti. Mzee akasema, "Mwanangu, hii wameivika kanzu."

Hapo ndio akanionyesha vingine. Akavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, chini kuna lebo imeandikwa 2006. Dashibodi ni ya toleo la kwanza, wakati Toyota walipobadilisha sura 2011 walibadilisha na ndani pia. Yaani ilikuwa Vigo ya 2006 iliyonunuliwa boneti, shoo, bampa, taa na mabawa ya toleo jipya ikavalishwa. Seti hizo zinauzwa kabisa, kuna mpaka za kuigeuza Vigo ifanane na Revo, yaani Hilux iliyofuata baada yake, na kuvalisha gari yako mwenyewe sio kosa hata kidogo, kosa ni kumuuzia mtu miaka ambayo haipo. Na ile ya kusema imetoka Japani ndio ilipaswa kuniamsha mapema, kwa sababu Vigo haikuuzwa Japani. Hilux iliondoka kwenye soko la Japani 2004 ikarudi 2017. Vigo tulizonazo zilitengenezwa Thailand au Afrika Kusini, na nyingine zimepitia Uingereza ambako wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi na chasisi hazipatani. Hata Marekani kwenyewe Toyota iliwahi kuingia kwenye kesi kubwa ya chasisi za Tacoma na Tundra kuoza, na mwishowe ikakubali kuzikagua na kubadilisha zilizooza, kwa hiyo usidhani jina pekee linazuia kutu.

Katika zile milioni mbili nilirudishiwa laki nane, baada ya kwenda mara nne.

Kwa hiyo ukiniuliza pikapu ipi nakujibu kwanza namna ya kuiangalia. Nenda asubuhi na uwaambie wasiiwashe, ukifika weka mkono juu ya boneti, kama ya moto ujue kuna kitu hawataki ukisikie injini ikiwa baridi. Namba ya chasisi kwenye Hilux imegongwa kwenye chuma chenyewe upande wa kulia mbele karibu na tairi, ipanguse vumbi uilinganishe na kadi herufi kwa herufi, ukikuta pamechomelewa au pamesagwa ondoka hata kama umeshaipenda. Angalia mpira wa pedali na usukani, gari yenye kilomita elfu 70 haiwezi kuwa na pedali ya klachi iliyolika mpaka chuma. Nyuma hesabu springi, zikiwa zimeongezwa ujue imebeba sana, hiyo sio mbaya ila bei ishuke.

Kwa Vigo za injini za dizeli za D-4D, yaani 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3, tatizo la kulijua ni nozeli. Zile washa za shaba chini ya nozeli zikichoka, moshi unapenya unaingia kwenye oili, oili inakuwa nzito kama lami, masizi yanaenda kuziba chujio la pampu ya oili kule chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili, na hapo injini inakosa oili inakufa ukiwa barabarani bila kukuaga. Ikiwa inaunguruma fungua kifuniko cha oili, ukiona moshi unapuliza kwa nguvu au ndani kuna uji mweusi mgumu usinunue kabla fundi hajashusha sampu. Na hizi Revo za kuanzia 2017 zinazotoka Japani kweli, zenye 2GD ya lita 2.4, zina chujio la moshi kwenye eksozi, halitaki dizeli chafu wala safari fupifupi za mjini kila siku.

Na kuna kitu watu hawafanyi kabisa, kuijaribu na mzigo. Pikapu tupu haikwambii chochote. Mimi naenda na mifuko 10 ya simenti, hiyo ni kilo 500, napakia, natafuta mlima, naingiza 4x4 kubwa (H4, ya kasi) halafu ndogo (L4, ya taratibu) nasikiliza. Klachi ikiteleza utaisikia, difu ikilia utaisikia, chasisi iliyooza itatoa sauti. Muuzaji akikataa mzigo na mimi naikataa gari.

Nilichonunua mwisho ni Hilux ya 2003, milango minne, injini 5L, dizeli ya kawaida isiyo na tabo, rangi imefubaa na mlango mmoja una mkunjo. Ina nguvu kidogo, mlima wa Mgeta naupanda na gia ya pili na malori yananipigia honi. Lakini chasisi yake Mzee aliigonga kuanzia mwanzo mpaka mwisho ikatoa sauti moja, na mpaka leo nimebadilisha klachi, bushi, rejeta na betri mbili tu. Altezza bado naikumbuka, na siku nikipata nafasi nitatafuta nyingine, ya RS200 tena.

Jumamosi hii nakwenda Kibaha na jirani yangu, ameipenda Vigo moja kwenye picha anasema ni ya 2013 na sura yake kweli nzuri sana. Boksi na bisibisi nimeshaviweka nyuma ya kiti.