Simu ya garini: namsikia, hanisikii

SWALI: Mhariri, gari langu la mwaka 2006 lina mfumo wa simu uliofungwa kiwandani. Tangu masika, nikiendesha kati ya Mtwara na Mikindani, ninamsikia anayenipigia lakini yeye hanisikii. Fundi anataka kubadilisha mfumo wote. Nimkubalie?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Usimkubalie bado, ndugu msomaji. Kwa kuwa sauti ya mwenzako inafika kwenye spika, fyuzi ni nzima na Bluetooth inaunganishwa, hivyo mshukiwa wa kwanza ni maikrofoni, ambayo katika magari mengi hukaa darini karibu na taa ya ndani. Kwanza piga simu ukiwa umezima Bluetooth, ili uhakikishe kwamba simu yenyewe haina kasoro. Kisha fundi afungue darini na kukagua waya na plagi, kwani unyevu wenye chumvi wa pwani yetu hula pini za shaba hadi zikaota kutu ya kijani. Mara nyingine kuzisafisha tu kunatosha. Maikrofoni ikiwa imekufa, ibadilishwe hiyo peke yake. Ingekuwa simu haiunganishwi kabisa, ningekushauri ufute kumbukumbu za muunganisho pande zote mbili na kuanza upya, maana mifumo ya zamani huhifadhi simu chache tu.